Shina la Mti na Viumbe Wanaolitegemea: Mfano wa Mkarafuu na Mnazi

Elimu ya mimea katika vitabu vya shule hugawanywa kwa kawaida katika sura nyingi, na mara nyingi sura inayoeleza sehemu za ndani za shina huwa mbali na ile inayoeleza jinsi viumbe wa aina mbalimbali wanavyohusiana. Mwanafunzi hujifunza majina ya sehemu za shina, akayaandika katika daftari, akayasahau. Kisha baada ya miezi mingi hufundishwa ya kuwa viumbe wengine husaidiana, wengine hulana, na wengine humelea juu ya wenzao. Mgawanyo huo unafaa kwa mpango wa masomo, lakini katika shamba lenyewe haupo. Mdudu anayekaa juu ya mti hakai juu ya mti tu. Ama hukaa juu ya gome, ama hutoboa mpaka penye utomvu mtamu, ama hula mbao zilizokufa, na kila mahali pana matokeo yake.

Makusudi ya makala haya ni kueleza mambo hayo mawili kwa pamoja, kwa mfano wa miti miwili inayojulikana sana katika visiwa vya Unguja na Pemba, yaani mkarafuu na mnazi. Itaonekana ya kuwa kiumbe hawezi kuitwa rafiki wa mti wala adui wake mpaka ijulikane kwanza ni sehemu ipi ya mti anayoigusa, na sehemu hiyo ina kazi gani.

Jambo hili lina upande wake wa lugha pia. Kiswahili kina maneno mengi ya sehemu za mti: shina, gogo, bua, tawi, gome, ganda, utomvu, ulimbo, kiini, moyo, ubao. Maneno haya yametokana na kazi za wakulima, maseremala, wakwezi na wagema, na kila moja lilitosha kwa kazi ya aliyelitumia. Lakini pana mahali ambapo neno moja limebeba vitu viwili ambavyo elimu ya mimea huvitenganisha, na anayefundisha kwa Kiswahili asipoliangalia hilo atamfundisha mwanafunzi kosa bila kukusudia.

Shina la mkarafuu

Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku katika Indonesia, nao uliletwa Unguja mapema katika karne ya 19. Ni jamaa moja na mpera na mzambarau, na shina lake limejengwa kwa namna ya miti mingi yenye matawi. Mtu akikata kijiti cha mkarafuu kwa kisu kikali na kukitazama kwa kioo cha kukuzia, ataona duara ndani ya duara.

Nje kabisa pana gome kavu, ambalo seli zake zimekwisha kufa. Kazi yake ni kinga: huzuia maji ya mti yasipotee kwa jua, na huzuia ukungu na wadudu wasiingie kwa urahisi. Chini yake pana tabaka jembamba, laini na lenye unyevu, ambalo watu wengi hulihesabu kuwa ni gome pia, kwa sababu hubanduka pamoja nalo. Tabaka hilo ndilo floemu. Ndani yake mna mirija ya seli zilizo hai, zilizopangwa moja baada ya moja, na kuta za baina yake zina matundu kama chekecheke. Sukari inayotengenezwa katika majani hupita humo, ikiwa imeyeyuka katika maji, kwenda mizizini, katika machipukizi, katika maua na matunda, na popote mti unapokua au kuweka akiba.

Baada ya floemu pana utando mwembamba mno unaoitwa kambiamu. Seli zake hugawanyika daima. Zile zinazoachwa upande wa nje huwa floemu mpya, na zile zinazoachwa upande wa ndani huwa zailemu mpya, yaani mbao. Kwa sababu hiyo shina la mkarafuu hunenepa mwaka hata mwaka, na jeraha lisilokuwa kubwa sana huweza kufunikwa kidogo kidogo kutoka pembeni.

Zailemu ni njia ya maji na chumvi za udongo. Mirija yake hufanya kazi ikiwa imekwisha kufa, kwa maana zimebaki kuta zake tu, kama mabomba. Mwaka 1894 H. H. Dixon na J. Joly, wataalamu wa Dublin, walieleza ya kuwa maji hayo hayasukumwi kutoka chini bali huvutwa kutoka juu: majani yanapopoteza maji hewani, nguzo ya maji iliyomo ndani ya mirija huvutwa kama uzi, kwani chembe za maji hushikana. Basi maji ya zailemu yamo katika hali ya kuvutwa, ilhali utomvu wa floemu umo katika hali ya kusukumwa. Tofauti hii yafaa ikumbukwe, maana ndiyo inayoamua ni mdudu gani aweza kunywa nini.

Majina ya zailemu na floemu yalitungwa na mtaalamu wa Uswisi, Karl Nägeli, mwaka 1858. Aliyatoa katika Kigiriki: xylon, maana yake ubao, na phloios, maana yake gome. Kwa hiyo floemu kwa asili yake si neno la ajabu. Ni jina la gome lililopunguzwa maana mpaka likataja tabaka moja tu. Kiswahili chaweza kufanya vivyo hivyo kwa kusema gome la nje na gome la ndani, na mwanafunzi akaelewa mara moja, kabla hajapewa neno la kigeni la kuandika katika mtihani.

Ya kuwa gome hilo la ndani ni njia ya chakula ilianza kuonekana zamani. Katika karne ya 17, Marcello Malpighi, tabibu wa Italia, alibandua pete ya gome kuzunguka shina, akaona sehemu iliyo juu ya pete ikivimba. Chakula kilichokuwa kikishuka kilikuwa kimezuiwa. Wakulima wa nchi nyingi hutumia njia hiyo kuua mti bila kuuangusha: majani hubaki mabichi kwa muda, kwa kuwa maji bado hupanda katika mbao, lakini mizizi hukosa chakula, na hatimaye mti wote hufa. Hata hivyo miti haifanani yote. Mkarafuu na jamaa zake wana floemu nyingine upande wa ndani wa zailemu, karibu na kiini, mahali ambapo miti mingi haina.

Moyo wa mti na moyo wa mnazi

Mnazi ni jamaa ya mtende, mvumo na mkindu, na kwa mbali una ujamaa na mhindi na nyasi. Shina lake halina kambiamu, wala gome la kubanduka, wala duara la mbao. Limejazwa nyama laini, na ndani yake yametawanyika mafungu ya mirija kwa maelfu, kila fungu na floemu yake na zailemu yake. Mafungu hayo yamesongamana zaidi upande wa nje. Ndiyo maana gogo la mnazi huwa gumu nje na laini ndani. Mche hutumia miaka yake ya mwanzo kutengeneza upana wote wa shina karibu na ardhi, kisha hupanda juu. Tangu hapo hauwezi kunenepa kama unavyonenepa mkarafuu.

Mkwezi huyajua matokeo ya jambo hilo hata kama hakupata kusoma elimu ya mimea. Yeye hukata vidato katika shina ili apate mahali pa kuweka mguu. Kidato hakizibi hata mnazi ukiishi miaka mingi, kwa kuwa hapana kambiamu ya kukifunika. Lakini mnazi haufi kwa vidato, kwa sababu mafungu mengi yaliyo ndani yamesalimika. Neno hilohilo ndilo lililochukuliwa shuleni kwa madarasa ya sekondari, na leo wanafunzi wengi walio kidato cha pili au cha tatu hawajui kwamba wamesimama katika alama ya shoka la mkwezi.

Hapa pana neno linaloweza kumpotosha mwanafunzi, nalo ni moyo. Katika mti kama mpingo, moyo ni ile sehemu ya ndani ya mbao iliyo nyeusi na ngumu, ambayo mchongaji huitaka, huku akiitupa ile nyeupe ya pembeni. Seli za moyo huo zimekufa zote, na njia zake za maji zimezibwa. Mti waweza kuliwa ndani na mchwa mpaka ukawa mvungu, na bado ukaendelea kutoa majani na matunda, maadamu floemu, kambiamu na mbao changa za nje ni nzima. Moyo wa mnazi, ambao pia huitwa shaha, ni kitu kingine kabisa. Huo ni kikonyo laini kilichofichwa kileleni, katikati ya makuti, nacho ndicho mahali pa pekee ambapo mnazi hukulia. Kila kuti na kila karara hutoka hapo. Moyo wa mpingo ukioza, mti huishi. Moyo wa mnazi ukioza, mnazi umekwisha. Neno ni moja, lakini katika mti wa kwanza lataja sehemu iliyokufa, na katika wa pili lataja chanzo cha uhai wote.

Tofauti hiyo humweleza mtu kazi ya chonga, mdudu mkubwa mweusi mwenye pembe kichwani, ambaye jina lake lakumbusha kitenzi kuchonga. Chonga mpevu huingia kileleni penye mashina ya makuti, akatoboa kuelekea moyo na kufyonza maji ya sehemu laini. Makuti yaliyokuwa bado yamekunjwa hutobolewa pamoja, na yanapofunguka huonekana yamekatwa kwa umbo la pembe tatu, kana kwamba yamepitiwa na mkasi. Akifika penyewe hasa, mnazi hufa. Lakini watoto wake, yaani mabuu, hawali mnazi ulio hai. Hukaa katika magogo ya minazi yaliyooza na katika marundo ya samadi. Huko kazi yao ni kuvunjavunja kilichokufa na kukirudisha udongoni, jambo ambalo lina faida. Mdudu mmoja, basi, ni msafishaji akiwa bado buu na ni adui akiwa mpevu, na mwenye shamba anayeacha magogo ya minazi yaoze baina ya minazi michanga anawalea maadui wa shamba lake mwenyewe.

Utomvu mtamu na wanaounywa

Mgema hapandi mnazi kutafuta nazi. Hukata ncha ya karara ambalo halijafunguka, akafunga kibuyu chini yake, na utomvu hutiririka humo siku baada ya siku. Utomvu huo ni wa floemu. Ni sukari iliyokuwa ikienda katika maua na nazi changa, na yapata asilimia 15 ya uzito wake ni sukari. Unapotoka huwa tembo tamu. Baada ya muda mfupi hamira za hewani na za kibuyuni huila sukari hiyo na kuigeuza kileo, nalo huwa tembo kali. Mgema hana haja ya kufyonza wala kukamua, kwa kuwa utomvu husukumwa na nguvu ya mti wenyewe.

Wadudu wafyonzaji huitumia nguvu iyo hiyo. Mdudu gamba na kidukari wana mdomo mwembamba kama sindano, ambao hupenya gome la kijiti kichanga mpaka ukafika katika mrija mmoja wa floemu. Hapo utomvu huingia mwilini mwake kwa kusukumwa. Mwaka 1953, J. S. Kennedy na T. E. Mittler walionyesha jambo hili wazi: walimkata kidukari mdomo wake ukiwa bado umechomekwa katika mmea, na utomvu ukaendelea kutoka katika kile kisiki cha mdomo, ingawa mdudu mwenyewe ameondolewa. Wadudu wanaokunywa maji ya zailemu hawana raha hiyo. Wao hulazimika kuvuta kwa misuli yenye nguvu, kwa sababu maji hayo tayari yanavutwa kwenda juu.

Utomvu wa floemu una sukari nyingi, lakini una uhaba wa vile vitu vinavyojenga mwili. Mdudu gamba hana budi kunywa kupita kiasi apate vile vichache anavyohitaji, kisha huitoa sukari iliyozidi kwa matone nyuma yake. Matone hayo yakianguka juu ya majani huota ukungu mweusi unaozuia mwanga wa jua. Lakini pana viumbe wanaoyatafuta matone hayo kwa bidii, nao ni sisimizi.

Maji ya moto

Katika Unguja na Pemba, na pwani yote ya Afrika Mashariki, hupatikana sisimizi wekundu wanaoitwa maji ya moto. Jina linatokana na maumivu yao: huuma kwa meno, kisha hurusha asidi katika jeraha, na mtu huhisi kama aliyemwagiwa maji yaliyochemka. Hawajengi ardhini. Hukaa mitini katika viota vya majani, na namna yao ya kushona ni ya kustaajabisha: wengine huvuta kingo za majani mpaka zikakutana, na wengine huwashika mabuu wao wenyewe midomoni na kuwapitisha huku na huku, ili uzi wa hariri unaotoka kwa mabuu hao uyaunganishe majani. Jina lao la kitaalamu ni Oecophylla longinoda.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, M. J. Way alifanya uchunguzi wa wadudu hawa Unguja, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1953 na 1954. Katika mikarafuu aliwakuta maji ya moto wakiishi pamoja na mdudu gamba aitwaye Saissetia zanzibarensis. Sisimizi huyachukua matone yake matamu na kuwafukuza wanaotaka kumla. Naye hupata ulinzi, na makao yake huwa safi bila ukungu wa sukari. Wawili hao wanafaidiana, lakini anayelipa ni wa tatu, yaani mkarafuu, maana sukari inatoka katika floemu yake. Hali kadhalika wachumaji wa karafuu, wanaopanda matawini wakati wa mavuno, huumwa na kuchomwa. Akiutazama mkarafuu peke yake, mwenye shamba hana sababu ya kuwapenda maji ya moto.

Katika mnazi mambo hubadilika. Mnazi una adui mdogo, mdudu wa kahawia wa jamaa ya kunguni, ambaye mwaka 1955 alipewa jina la Pseudotheraptus wayi kwa kumkumbuka Way huyohuyo. Mdudu huyu huchoma maua na nazi zilizo changa mno na kutia mate yenye sumu. Vidaka vilivyochomwa huanguka kabla ya kuwa vitale, na vichache vinavyopona huwa nazi zenye makovu na gundi kavu. Kwa kuwa kila mnazi kwa kawaida huangusha vidaka vyake vingi hata usipoguswa, mkulima aweza kuona anguko hilo mwaka baada ya mwaka asitambue ni kazi ya mdudu. Maji ya moto humwinda mdudu huyo. Minazi wanayoishi kwa wingi huzaa vizuri. Minazi wasiyokuwamo hupoteza vidaka vingi.

Nao maji ya moto wana wapinzani wao. Sisimizi wadogo wa ardhini wenye askari wa vichwa vikubwa, Pheidole megacephala, hupanda mashina ya minazi na kupigana nao mpaka wakawafukuza. Sisimizi hao wa ardhini hawaulindi mnazi kama maji ya moto wanavyoulinda. Katika miaka ya 1980 na 1990, mpango wa taifa wa Tanzania wa kuendeleza zao la nazi ulifanyia majaribio njia za kuwasaidia maji ya moto: kuwapunguza sisimizi wa ardhini kwa chambo chenye sumu, kuacha majani mafupi yaote chini ya minazi, na kupanda baina ya minazi miti mingine yenye majani mapana, kama vile michungwa, ambayo maji ya moto hupenda kushonea viota.

Hapo ndipo mashina mawili yaliyoelezwa mwanzo hukutana. Floemu ya shina la mnazi imefichwa ndani ya mafungu, nyuma ya ganda gumu ambalo sindano ya mdudu gamba haiwezi kupenya. Floemu ya kijiti kichanga cha mkarafuu iko karibu sana na nje, chini ya gome jembamba. Kundi moja la maji ya moto huenea juu ya miti mingi iliyogusana matawi, likapata sukari katika mti mmoja na kuwinda katika mwingine. Katika shamba lililochanganywa, sukari ya mkarafuu huwa kama ujira wa mlinzi wa mnazi. Mwenye shamba anayewaua maji ya moto ili wachumaji wake wa karafuu wapate nafuu, au anayepulizia mikarafuu dawa ya kuua wadudu wote, huenda akapunguza mapato yake ya nazi pasipo kujua sababu. Haifuati kwamba wachumaji wavumilie kuumwa. Viota vyaweza kukatwa katika mikarafuu inayochumwa siku zile, na vikaachwa katika minazi. Lakini uamuzi huo hauwezi kufanywa na mtu ambaye kwake kila sisimizi ni mdudu tu.

Wanaoegemea na wanaomelea

Wageni wa shina hawaishii kwa wadudu. Mpilipili manga hupandwa chini ya mti, ukatambaa juu ya shina kwa mizizi midogo inayoshika gome la nje. Hauingii katika floemu wala katika zailemu. Mizizi yake ya kulia chakula imo ardhini. Unachokipata kwa mti ni mahali pa kuegemea na mwanga wa juu, na mti haupungukiwi na kitu cha kuhesabika.

Mlangamia ni kinyume chake. Ni mmea wa nyuzi za rangi ya manjano na kijani, usio na majani ya kuonekana, unaofunika vichaka vya pwani kama nyavu. Baada ya kuota hupoteza mizizi yake ya ardhini, na popote unapogusa shina la mmea mwingine huchomeka vifyonzo vinavyopenya gome na kufika katika mirija ya ndani. Mtu akiutazama kwa mbali, mpilipili manga na mlangamia yote ni mimea inayozunguka mingine. Tofauti yao haionekani mpaka gome lifunuliwe.

Adui mwingine haonekani kwa macho hata kidogo. Ugonjwa wa kunyong'onyea, ambao umeua minazi mingi katika pwani ya Tanzania bara, huletwa na vijidudu vidogo mno, visivyokuwa na ukuta wa seli, vinavyoishi ndani ya floemu. Vijidudu vya namna hii huchukuliwa mti kwa mti na wadudu wafyonzaji wa utomvu. Nazi huanguka, maua huwa meusi, makuti hugeuka rangi, na mwishowe moyo huoza. Mti wenye kambiamu waweza kutengeneza floemu mpya kila mwaka, mnazi hauwezi. Mirija ya floemu iliyomo katika shina lake ndiyo ile iliyotengenezwa shina lilipokuwa changa, nayo hubaki hai na kufanya kazi kwa miaka mingi sana. Uwezo huo wa ajabu ni nguvu ya mnazi wakati wa uzima, na ni udhaifu wake wakati wa maradhi.

Kauli za kitenzi

Kwa kueleza mahusiano ya viumbe, wataalamu wa lugha nyingine wameunda majina mazito kutoka Kilatini na Kigiriki. Kiswahili kina njia yake, nayo imo katika kauli za kitenzi. Kauli ya kutendana hueleza jambo lenye pande mbili: maji ya moto na mdudu gamba wanafaidiana, maji ya moto na sisimizi wa ardhini wanapigana na kushindana. Kauli ya kutendea hueleza jambo linaloelekea upande mmoja: kutokana na kumea hupatikana kumelea, yaani kumea juu ya mwingine, na kutokana na kumelea hupatikana kimelea. Wengine hudhani kuwa kimelea kinatokana na kulea, kana kwamba ni kitu kinacholelewa, lakini mzizi wake ni ule wa kumea. Na kitenzi kisicho na nyongeza, kama kula au kuwinda, hutosha kwa anayemla mwenzake.

Hapo lakini pana hatari ndogo. Kutegemeana hutumiwa siku hizi kwa kila uhusiano wa viumbe, hata ule ambao upande mmoja hautegemei kitu. Mlangamia hutegemea kichaka. Kichaka hakiutegemei mlangamia. Mpilipili manga huegemea mti. Mti hauegemei mpilipili manga. Mwalimu akiandika ubaoni ya kuwa viumbe wote hutegemeana, kisha akataja mlangamia kuwa mfano, amewaambia wanafunzi wake jambo ambalo kitenzi chenyewe kinalikanusha. Afadhali aulize maswali matatu kwa kila mfano: nani anapata, nani anapoteza, na kitu kinachopatikana kinatoka katika sehemu ipi ya mti? Swali la tatu ndilo linalosahauliwa mara nyingi, nalo ndilo linalomrudisha mwanafunzi katika sura ile ya kwanza ya kitabu chake, ambako gome la nje, gome la ndani, kambiamu, mbao na kiini vimechorwa na kuandikwa majina.

Somo hili halihitaji vyombo vya thamani. Kijiti cha mkarafuu au cha mpera, kisu kikali na kioo cha kukuzia vyatosha kuonyesha duara za shina moja. Kipande cha gogo la mnazi lililoanguka chatosha kuonyesha mafungu ya shina la pili. Mwanafunzi aliyeviona vitu hivyo viwili pamoja, akamtazama na maji ya moto akipita kutoka mkarafuu kwenda mnazi, ataweza kueleza mwenyewe kwa nini jibu la swali, je, mdudu huyu aachwe au auawe, halifanani katika miti yote miwili.